Naam ya Nardantonio

Bahasha ya kijani ilifika Montesalico, mji mdogo wa milimani kusini mwa Italia, wiki moja baada ya Pasaka, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la mtu aliyezikwa Februari. Incoronata aliifungua kwa kisu cha mkate. Ndani mlikuwa na kadi nene yenye picha ya alizeti, na kipakiti cha mbegu za maua ya porini. “Mpendwa Leonardantonio,” kadi ilisema, “karibu katika familia yetu. Kuanzia sasa nyumba yako inatumia umeme wa jua na upepo peke yake, asilimia mia moja. Dunia inakushukuru.”

Incoronata alivuta kiti akaketi. Mumewe hakuwa mpendwa wa mtu yeyote isipokuwa wake yeye, na hata kwake haikuwa kila siku. Na hiyo dunia inayomshukuru haikumjua hata kidogo.

Nardantonio, maana hivyo ndivyo mji mzima ulivyomwita, aliuchukia upepo wa kuuzwa. Kwenye mgongo wa mlima, juu ya nyumba za mwisho, imesimama ile mitambo mirefu ya umeme wa upepo ambayo watu wa Montesalico wanaiita mapangaboi. Alizoea kusimama dirishani na kikombe chake cha kahawa akiitukana mmoja mmoja. Upepo ni wetu, alisema, wanaupeleka Milano, sisi wanatuachia kelele. Si kwamba alikuwa na ugomvi na umeme safi. Ugomvi wake ulikuwa na kila mtu aliyepanda mlimani kwa viatu visivyo na tope. Sasa kadi inasema mtu huyohuyo, kwa hiari yake na akili zake timamu, ameagiza upepo uleule uletwe nyumbani kwake.

Lakini hilo si lililomkalisha Incoronata. Lililomkalisha ni maneno madogo chini ya alizeti: “Asante kwa kutukubalia kwa simu.”

Montesalico hakuna mtu anayesema naam kwenye simu. Mawakala wa umeme hupiga saa ya chakula cha mchana, kwa kuwa wanajua kila mtu yuko nyumbani. Sauti tamu inauliza, je, ninaongea na Bwana fulani? Ukijibu naam, umekwisha. Wanaikata naam yako kama kipande cha soseji, wanaibandika kwenye maswali ambayo hukuulizwa, na mwezi unaofuata una kampuni mpya ya umeme. Mkuu wa kituo cha polisi alikuja kueleza jambo hili kwenye ukumbi wa parokia, na padre akalirudia kwenye matangazo ya misa. Tangu siku hiyo mtu akimpigia mama yake mzazi akauliza, “Mama, ni wewe?” anajibiwa, “Nani anamtaka?”

Na katika mji huo wa wagumu, bingwa alikuwa Nardantonio. Yeye hakuhitaji kufundishwa na polisi. Neno lake la maisha lilikuwa “tutaona.” Ukimwalika harusini, tutaona. Ukimwambia mvua inanyesha, tutaona. Baba yake Incoronata alipomuuliza kama kweli anamtaka binti yake, alijibu tutaona, na mzee akachukua wiki nzima kuamua kama hilo ni tusi. Siku ya ndoa ilibidi padre amwinamie ndipo aisikie naam yake.

Habari za bahasha hazikukaa ndani. Mpeleka barua ana mdomo, na baa ina masikio. Incoronata alipopita kununua maziwa, wazee wa meza ya karata walimwonea huruma kwa namna yao.

“Poleni, Donna Incoronà,” mmoja akamwambia. “Tunasikia marehemu amewaposa mapangaboi.”

“Na wamemkubalia,” mwenzake akadakia. “Wao hawakusema tutaona.”

Akacheka nao kidogo, kwa sababu ukikasirika kwenye baa ya Montesalico wanakutania mpaka Krismasi. Alipofika nyumbani akalia kwa hasira. Mtu ameishi miaka yote asitoe naam kwa mtu, halafu anakufa na kuchekwa kwamba aliitoa kwa wachuuzi.

Binti yao, Mirella, alipanda kutoka Foggia siku ya Jumamosi. Mirella ni mfamasia, na amezoea kuwaambia wagonjwa mambo mara tatu kwa sauti kubwa. Alisoma kadi akiwa amesimama, hata koti hajavua.

“Mama, huu ni wizi mtupu. Tena ulikuwa wizi rahisi, kwa sababu mpaka leo mkataba uko kwa jina la baba. Nilikwambia nini baada ya mazishi?”

“Uliniambia nile.”

“Nilikwambia ule, na nilikwambia tuhamishe jina la umeme!”

“Nimekula,” Incoronata akasema.

Hakumwambia sababu ya lile la pili. Bili ilikuwa karatasi ya mwisho iliyokuwa bado inamwita mumewe kana kwamba yupo, na hakuona haraka ya kumfuta.

Mirella alichukua simu ya nyumbani, ile isiyo na waya aliyowanunulia mwenyewe, akapiga namba iliyokuwa kwenye kadi, akabonyeza kitufe cha sauti ya wazi na kuilaza mezani kati ya bakuli la matunda na zile mbegu. Sauti ya mashine ikawaambia wabonyeze moja kama wanataka kuiokoa dunia, mbili kama tayari wanaiokoa. Mirella akabonyeza mbili kwa nguvu ya kuua mende. Ukapigwa muziki wa vinanda, ukakatika, ukapigwa tena. Incoronata alikuwa amemaliza kumenya chungwa la pili alipotokea mtu.

“Habari za asubuhi, naitwa Anxhela, nawajibu kutoka Tirana, Albania. Simu hii inarekodiwa. Nawasaidieje?”

“Utatusaidia kwa kufuta mkataba,” Mirella akasema. “Mmemwandikisha baba yangu na baba yangu amefariki.”

“Oh. Poleni sana. Alifariki lini?”

“Februari.”

Vidole vilisikika vikigonga. “Mkataba ni wa Januari, Bi. Alikuwa hai.”

“Alikuwa hai lakini hakukubali! Baba yangu hakuwahi kukubali chochote. Muulize mama.”

“Ni kweli, mwanangu,” Incoronata akaiinamia simu. “Hata mimi alinikubali kwa shida.”

Upande wa pili msichana alicheka kidogo, kisha akajizuia. Alikuwa na sauti changa, na Kiitaliano chake kilikuwa safi kuliko cha Montesalico. “Naelewa. Lakini hapa ninao uthibitisho wake kwa sauti. Mrithi ana haki ya kuusikiliza. Mnataka niwachezee?”

“Tunataka,” Mirella akasema. “Tena upesi.”

Incoronata aliweka kisu chini.

“Sauti ya nani?” akauliza.

“Ya Bwana Leonardantonio mwenyewe, Bi.”

Ikumbukwe kwamba Nardantonio alikuwa mtu wa kuigeuzia kamera mgongo. Filamu ya harusi yao haina sauti. Kwenye video za ubatizo na sikukuu, kila anapoelekezewa simu ya mtu anaonekana kisogo chake kikitoka mlangoni. Hapakuwa na kifaa popote duniani chenye sauti yake, na mkewe alilijua hilo vizuri, kwa sababu alikuwa ameanza kuisahau. Hili hakumwambia mtu, hata padre. Kikohozi chake alikikumbuka, na jinsi alivyoburuta viatu. Lakini sauti yenyewe ilikuwa inamponyoka. Kila asubuhi alijaribu kuisikia kichwani akisema tutaona, na kila asubuhi ilifanana kidogo zaidi na sauti ya Incoronata mwenyewe. Iliuma kuliko mazishi, maana kwenye mazishi watu walikuja kumshika mkono.

“Cheza,” akasema.

Kwanza mwanamume mwenye haraka: “Wewe ndiwe Bwana Leonardantonio, mwenye mkataba wa umeme?”

“Naam.”

Incoronata alishika ukingo wa meza. Alikuwa yeye. Sauti nzito, ya kukwaruza, kama mtu aliyeamshwa usingizini bila kutaka.

“Unakubali kuhamia mpango wetu wa umeme wa jua na upepo?”

“Naam.”

“Umesoma na kuelewa masharti?”

“Naam.”

Maswali yakaendelea na naam zikaendelea. Incoronata hakuyasikia tena maswali. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, akihofia mkono wake utapiga kelele. Mirella naye alikuwa amekodoa macho, mdomo wazi, na kwa muda alikuwa mtoto tu aliyemsikia baba yake. Kisha ufamasia ukamrudia.

“Ni ileile!” akapiga kelele. “Mama, umesikia? Ni naam moja wameibandika kila mahali! Kuna kitu kinalia nyuma yake, kila mara kilekile. Kama sufuria.”

“Mfuniko,” Incoronata akasema. “Mfuniko wa sufuria ya pankotto. Na kabla ya mfuniko kuna mtu anasema ‘...napoa.’”

“Nani?”

“Mimi.”

Alikuwa ameikumbuka siku yote kwa mara moja. Theluji chafu dirishani, mkate wa juzi na mboga chungu vikichemka pamoja jikoni kuwa pankotto, na Nardantonio amesimama sebuleni na simu sikioni, akimwuliza mtu, nani anamtaka, nani anamtaka. Naye Incoronata akapiga kelele kutoka jikoni kama alivyopiga kelele kila mchana wa maisha yao: Nardantò, chakula kinapoa! Na yeye akajibu, naam. Duniani kulikuwa na mwito mmoja tu ambao Nardantonio aliuitikia bila kusema tutaona, nao ulikuwa huo. Kisha akakata simu, akaja, akala, akasema ni wale wa umeme, nimewaambia tutaona.

“Alikuwa ananijibu mimi,” Incoronata akasema. “Hakumjibu huyo mtu. Hiyo naam ni yangu.”

Mirella alipiga meza kwa furaha, chungwa likabingirika. “Umesikia, Anxhela? Ni mkato mtupu! Futa mkataba sasa hivi, la sivyo nitakutana na wakubwa zako kwa mwanasheria.”

“Nimesikia, Bi,” msichana akasema kwa upole. “Na kusema kweli, hata mimi nimeusikia mfuniko. Kufuta si tatizo. Mrithi anakana sauti, mkataba unafutwa, mnarudi kampuni yenu ya zamani kana kwamba hakikutokea kitu. Faili la sauti nalo linafutwa.”

“Linafutwa vipi?” Incoronata akauliza.

“Linaondolewa kabisa. Hatuna ruhusa ya kuweka sauti ya mtu ambaye si mteja.”

“Basi nipe kwanza nakala. Nitumie hata kwa posta.”

“Nakala hutolewa kwa mwenye mkataba tu, Bi Incoronata.”

“Mwenye mkataba yuko makaburini.”

“Najua. Mrithi anaweza kuomba, lakini baada ya kuhamisha jina. Na jina likihamishwa, unakuwa mkataba mpya, na wa zamani...”

“Unafutwa,” Mirella akamalizia. Furaha ilikuwa imeanza kumtoka. Akatoa simu yake ya mkononi mfukoni. “Basi cheza tena sasa hivi. Mara moja tu. Nitairekodi hapahapa mezani.”

“Ningefanya hivyo, naapa. Ila mfumo unaruhusu kumchezea mteja mara moja tu kwa kila ombi, na kitufe kimeshazimika. Ombi jipya linaweza kufunguliwa ikiwa mkataba bado uko hai. Na mimi hapa siwezi kutoka kwenye ukurasa huu mpaka niandike jibu lenu: mrithi anakana au anathibitisha.”

“Na tukikata simu?” Mirella akauliza.

“Inahesabiwa mmekana.”

Mirella alimtazama mama yake, na hakupenda alichokiona usoni mwake.

“Mama. Hapana.”

“Nikithibitisha, sauti inabaki?” Incoronata aliiuliza simu.

“Mkataba unabaki hai,” Anxhela akasema polepole, akisikika anasoma. “Kwa hiyo... ndio, ninavyoelewa inabaki. Halafu nafungua ombi jipya na mnasikiliza tena.”

“Mama, watu hawa ni wezi! Wamemwibia baba kinywani, halafu wewe unawaambia asante? Kesho baa nzima itasema kumbe ni kweli alikubali.”

“Wacha waseme.”

“Baba angekasirika.”

“Akasirike! Nitamsikia akikasirika!” Incoronata alipaza sauti mpaka Mirella akarudi nyuma kidogo. “Wewe una picha. Una nyumba, una mume, una makelele ya watoto. Mimi asubuhi nakaa hapa nikimtafuta na simpati. Umesikia? Simpati. Unataka nimfute kwa mdomo wangu mwenyewe, ili nisichekwe?”

Mirella aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mama yake na kuuacha pale, na hilo lilikuwa kukubali.

“Niulize, mwanangu,” Incoronata akaiambia simu.

Anxhela alibadilisha sauti, ikawa ile ya kusoma. “Bi Incoronata, wewe kama mrithi, unathibitisha mkataba huu wa umeme wa jua na upepo na masharti yake yote?”

Kwa miaka mingi hakuwahi kuisema kwenye chombo kile. Ilimtoka kwa taabu, na uso ukamwaka moto kama wa msichana.

“Naam.”

“Asante. Imeingia.” Vidole vikagonga. “Sasa nafungua ombi jipya.”

“Weka tayari,” Incoronata akamwambia binti yake, na Mirella akaisogeza simu ya mkononi karibu kabisa na ile ya nyumbani, kidole juu ya kitufe chekundu. Incoronata alifuta macho kwa aproni na kukaa wima. Alitaka safari hii asikilize vizuri.

Vidole vya Tirana viligonga, vikasita, vikagonga tena. Kisha vikanyamaza.

“Anxhela?” Mirella akaita.

“Nipo. Subirini kidogo.” Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Bi Incoronata, mimi... Hapa kwenye faili kuna sauti moja. Ni ya sasa hivi. Ni yako.”

“Yangu ya nini?”

“Uthibitisho wa mrithi umechukua nafasi ya ule wa kwanza. Mfumo umerekodi juu yake. Sikujua. Naapa kwa mama yangu, sikujua, hakuna aliyetufundisha hili. Nilidhani zinakaa zote mbili.”

“Irudishe,” Incoronata akasema.

“Hakuna mahali pa kurudisha.”

“Tafuta.”

“Natafuta, Bi. Nimetafuta. Haipo.”

Mirella alilipuka. Alitaka msimamizi, alitaka jina la mkurugenzi, alitaka kila mtu wa Tirana na wa Milano aje kwenye simu ile. Anxhela alisema anaweza kumuunganisha na msimamizi, ila msimamizi anatazama kioo hikihiki. Alisema pole, akasema tena pole, na mara ya tatu ilisikika wazi kwamba analia, na kwamba anajificha wenzake wasimwone. Mirella aliitazama simu yake ya mkononi, akakiondoa kidole kwenye kitufe chekundu, akailaza kifudifudi juu ya meza.

Incoronata hakuwa amesogea. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani na hakujua aifanyie nini.

“Mwanangu,” akasema hatimaye. “Usikate. Wewe uliisikia?”

“Niliisikia, Bi. Mara mbili. Niliisikiliza kabla sijawachezea.”

“Basi iseme.”

“Niiseme vipi?”

“Alivyosema yeye.”

Kwa mbali, nyuma ya msichana, zilisikika sauti za wengine wengi wakiuza upepo. Msichana akasogea karibu na kipaza sauti chake.

“Naam,” Anxhela akasema, kwa sauti nyembamba.

“Sivyo. Yake ilikuwa chini zaidi.”

“Naam.”

“Sivyo. Aliivuta kidogo mwishoni, kama mtu anayeinuka.”

Mirella alikuwa ameuziba mdomo wake kwa viganja viwili. Msichana alijaribu tena, akaishusha, akaivuta, na haikuwa yenyewe. Incoronata alifungua kinywa amwonyeshe. Ilitoka sauti ya mwanamke mzee.

“Sivyo,” akasema, safari hii akijiambia mwenyewe, na kwenye simu msichana alikuwa bado anajaribu.